Paspoti Sita Kwenye Chumba cha Lakiri

Chumba cha vielelezo kiko nyuma ya kituo cha polisi, baada ya mahabusu na kabla ya choo. Kina mlango wa chuma, kufuli mbili na dirisha lililozibwa kwa bati. Ndani kuna rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake kila kitu ambacho watu wa mji ule waliwahi kuibiana, kupigania au kufichana: mapanga, redio, viatu vya upande mmoja, feni iliyovunjika shingo, godoro lenye tundu la kisu. Kila kitu kina kipande cha boksi kilichofungwa kwa kamba ya katani, na juu ya kila fundo pana tone la lakiri nyekundu, nta ya kutilia muhuri.

Koplo aliyekitunza chumba hicho kwa miaka ishirini na sita aliitwa Lakiri na kila mtu kituoni, wakuu wake wakiwemo. Alikuwa mwembamba, mwenye makovu madogo ya kuungua kwenye kidole gumba na cha shahada, na mwandiko ambao makarani wa mahakama waliuonea wivu. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Huyu bwana kijiko kikipotea jikoni, anafungua jalada."

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa pili kazini, akiwa konstebo, alitumwa kupeleka panga mahakamani katika kesi ya mauaji yaliyotokana na ugomvi wa mpaka wa shamba. Maelezo ya polisi yalisema panga lina mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Alipolifungua kwenye gazeti mbele ya hakimu, mpini ulikuwa wa mti mtupu. Wapishi wa kantini ya kituo walikuwa wameliazima kuchanjia kuni, na wakarudisha jingine kwa nia njema kabisa.

"Konstebo," hakimu aliuliza, "panga lako limezaa?"

Mahakama nzima ilicheka. Mshtakiwa akatoka huru siku hiyo hiyo. Mjane wa marehemu, aliyekaa benchi la mbele, hakucheka, na alimtazama konstebo mpaka akashindwa kuuona mlango wa kutokea. Wiki iliyofuata kijana huyo aliomba apewe ufunguo wa chumba cha vielelezo, kazi ambayo wenzake waliikimbia kwa sababu ya panya. Tangu hapo, hakuna kilichotoka bila amri ya mahakama. Mkuu wa kituo aliyetangulia aliwahi kuomba pampu ya maji iliyokamatwa, aitumie nyumbani kwake alasiri moja tu. Lakiri alimwomba alete barua ya hakimu. Hakupandishwa cheo tena.

Paspoti sita zililetwa kwake Jumanne moja, saa tano asubuhi, zikiwa zimefungwa kwa mpira wa nywele.

Zilitoka kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, dobi kubwa yenye mashine nane, iliyoko mwendo mfupi kutoka kituoni. Dereva wa hoteli moja alikuwa ameripoti mara tatu kwamba kuna wanawake wanaofungiwa humo. Mara ya kwanza polisi walikwenda, wakapewa soda, wakarudi. Mara ya pili walikuta mlango uko wazi na kila mtu anatabasamu. Mara ya tatu ripoti ilimwangukia sajini mmoja wa kike, mgeni kituoni, ambaye hakunywa soda. Nyuma ya chumba cha kukaushia alikuta chumba kingine chenye magodoro sita na komeo la nje. Wanawake sita kutoka nchi jirani walikuwa wamelala humo kwa mwaka na miezi minne. Waliahidiwa kazi za hoteli. Mwenye dobi aliwapokea uwanja wa ndege yeye mwenyewe, akawabebea mabegi, akachukua paspoti zao "zisije zikapotea", na kuwaambia wamwite Mjomba. Paspoti zilikuwa kwenye droo yake, chini ya kalenda.

Sajini aliziweka juu ya meza ya Lakiri.

"Mzee Lakiri, hizi tupige picha kila ukurasa, wenyewe wasaini, tuwarudishie leo leo. Kwenye mafunzo tulielekezwa hivyo."

"Mafunzo ya siku ngapi, afande?"

"Tatu."

"Tatu." Aliuondoa ule mpira wa nywele kwa ncha za vidole, akauweka pembeni ili nao upate namba yake. "Hakimu akiuliza paspoti ziko wapi, utamwonyesha simu?"

"Nitamwonyesha picha zilizochapishwa."

"Wakili wa yule bwana atasema umechapisha na za kwako."

"Mzee, hawa ndio wenye mali."

"Ndiyo maana nazitunza."

Sajini alikuwa na cheo kikubwa kuliko chake na angeweza kumwamuru. Lakini nje palikuwa na wanawake sita wasio na pa kulala, dereva wa gari la kituo alikuwa anapiga honi, na mzee huyu alikuwa na miaka mingi kuliko cheo chake. Akamwachia.

Lakiri aliandika mistari sita kwenye rejista. Chini ya safu isemayo *Alikutwa nacho nani*, aliandika jina kamili la mwenye dobi mara sita. Angeweza kuweka alama za kurudia, lakini aliziona ni uvivu.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa amemfuata sajini hadi mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na mkono wake wa kulia ulikuwa na alama ndefu za kuungua, moja juu ya nyingine, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa mpiga pasi.

"Baba, tutazipata lini?"

"Kesi ikiisha, mwanangu."

"Itaisha lini?"

"Hilo analijua hakimu. Lakini ondoa wasiwasi. Humu ndani hakipotei kitu."

Mpiga pasi alitazama rafu, kamba na lakiri, na alivyosema baadaye, ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege kuona mahali ambapo mambo yalikuwa yamepangwa. Akaamini.

Mjomba alifikishwa mahakamani Alhamisi na Ijumaa alikuwa amerudi kwenye dobi yake kwa dhamana. Wanawake walipelekwa kwenye nyumba ya hifadhi, vyumba vitatu nyuma ya zahanati, ambako waliambiwa wasifanye kazi kwa sababu hawana vibali, na wasiende mbali kwa sababu hawana paspoti. Mwezi wa pili wa kesi sajini alihamishiwa kitengo cha barabarani. Jalada likaenda kwa mpelelezi aliyekuwa na majalada mengine arobaini na moja. Mpelelezi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kikohozi, watoto watano, na tabia ya kusema "nalifanyia kazi" kabla hujamaliza swali.

Mwezi wa nne, wanawake watano walipanda lori la mtu aliyesema anajua njia ya kupita bila kuulizwa. Walimsihi mwenzao, yule mpiga pasi, aende nao. Alikataa. Aliwaambia, "Nimeingia nchi hii kwa mlango na nitatoka kwa mlango." Kila Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, mkabala na kaunta, akiwa na kitambaa kile kile cha kichwani kilichopigwa pasi hadi kikawa kama karatasi.

Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake wa miaka tisa na mama yake mzazi. Mama alipooza upande mmoja mwezi wa tatu wa kesi, na mwezi wa tano akafariki. Mtoto akachukuliwa na jirani, mwanamke mwema ambaye mume wake alikuwa amepata kazi mji mwingine. Jirani alituma ujumbe: wanahama muhula ukifungwa, na hawawezi kuhama na mtoto wa mtu. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja.

Lakiri alizijua habari hizi zote, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyetoka nyuma kwenda kumsikiliza. Mpelelezi alikuwa akipita mbele ya benchi akiwa na simu sikioni. Lakiri alikaa, akaweka kofia gotini, akauliza habari za mtoto. Jumatatu moja, kwa kumhurumia, alimwingiza kwenye chumba na kumwonyesha bahasha. Hakuifungua.

"Hii hapa. Unaona? Lakiri haijaguswa."

Mwanamke alipitisha kidole juu ya lile tone jekundu, taratibu, kama anayepima joto la pasi.

Wiki iliyofuata alikuja na jambo jipya. Alikuwa amekwenda ubalozi wa nchi yake, akaomba hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Ofisa wa ubalozi alimweleza kwa upole kwamba hati hiyo hutolewa kwa mtu aliyepotelewa na paspoti. Yake haikupotea, iko polisi. Lakini kama polisi wakitoa karatasi ya upotevu, hati itapatikana kwa siku mbili.

"Baba, niandikie tu kwamba imepotea."

"Haijapotea, mwanangu."

"Najua haijapotea. Nimeiona. Niandikie hivyo hivyo."

"Nikiandika imepotea, na kesho wakili wa yule bwana akija na ile karatasi, atasema polisi hawa waongo, vielelezo vyao vyote ni vya uongo. Kesi yako itakufa hapo hapo."

"Mimi sitaki kesi. Namtaka mwanangu."

"Kesi ndiyo itakayokupa paspoti."

"Kwa hiyo niifanyie kesi kazi kwanza, halafu ndiyo nilipwe," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerudia masharti ya kazi ili ahakikishe ameelewa.

Jioni hiyo Lakiri alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa anapinda kola. Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Karatasi yenyewe ukubwa gani?"

"Nusu ukurasa."

"Na wewe umeshindwa nusu ukurasa."

"Ingekuwa uongo."

"Mume wangu, hapo kituoni kwenu mnaandika uongo kutwa nzima. Siku moja ungekuwa na faida, ndiyo umeona aibu."

Karatasi hakuiandika.

Kesi iliitwa kwa mara ya nne mwezi wa saba. Hati ya kumwita mpiga pasi kama shahidi ilikuwa imepelekwa, kama sheria inavyotaka, kwenye makazi yaliyoandikwa katika maelezo yake ya kwanza. Maelezo hayo yaliandikwa asubuhi ile ya kwanza, na makazi yake wakati huo yalikuwa ni dobi. Mlinzi wa dobi aliipokea na kusaini. Mwendesha mashtaka akaieleza mahakama kwamba upande wake umejitahidi sana, lakini mashahidi wote sita hawajulikani walipo. Hakimu alitazama kalenda yake, akamwachia mshtakiwa.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne kasoro. Shahidi wa sita alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi, hatua zisizofika mia tatu kutoka mahakamani, akisubiri Lakiri atoke nyuma. Mpelelezi alimpita akienda kutoa ushahidi kwamba hapatikani. Baadaye alipoulizwa, alisema hakujua kwamba ni yeye; alidhani ni mke wa mahabusu.

Amri ilifika kwa Lakiri Alhamisi. Ilikuwa na mistari minne na muhuri. Mstari wa mwisho ulisema vielelezo vyote virejeshwe kwa mtu aliyekutwa navyo.

Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akavaa kofia akaenda kwa mkuu wa kituo.

"Afande, hii amri ina kasoro. Paspoti ni za wale wanawake."

"Imesema ni za nani?"

"Imesema apewe aliyekutwa nazo."

"Nani alikutwa nazo?"

Mkuu alivuta rejista iliyokuwa kwapani mwa koplo, akaifungua, akaweka kidole kwenye safu. Jina lilikuwa pale mara sita, herufi zote zimesimama wima.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, afande."

"Mzuri sana. Sasa unataka nini?"

"Siku nne tu. Mmoja wao huja Jumatatu. Nimwite mwendesha mashtaka aombe marekebisho."

"Miaka ishirini na sita unatusumbua na amri ya mahakama. Pampu ya bosi wangu ulimnyima kwa ajili ya amri ya mahakama. Leo amri imekuja, unataka kuwa hakimu?"

Lakiri alimpigia simu mwendesha mashtaka, ambaye alimwambia aandike barua. Akauliza barua hujibiwa baada ya muda gani. Wiki tatu, kama hakimu hayuko likizo. Hakimu alikuwa anakwenda likizo.

Mjomba alifika saa nane mchana akiwa peke yake, amevaa shati jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Aliwasalimia wote, kuanzia mlinzi. Kwenye chumba cha vielelezo alitazama huku na huku kwa heshima ya kweli.

"Afande, mahali pasafi hapa. Watu wa kwangu wangejifunza."

Lakiri alivunja lakiri, akatoa paspoti moja moja, akasoma namba kwa sauti. Mjomba alisaini mara sita. Alipozipanga mkononi, akazigonga kingo zilingane, alitikisa kichwa.

"Umezitunza kuliko nilivyozitunza mimi."

Hakuwa anakejeli. Hilo ndilo Lakiri alilomsimulia mkewe zaidi ya mengine: kwamba yule bwana alikuwa anamshukuru.

Jumatatu mpiga pasi alikuja saa tatu. Lakiri alikuwa ameshakaa kwenye benchi, na kwa hilo tu mwanamke alijua kuna jambo.

"Kesi imekwisha," alimwambia.

"Imeisha? Basi nipe."

"Ilifutwa. Walisema hukuonekana."

"Sikuonekana wapi? Mimi nipo hapa."

"Najua."

"Si unipe, baba? Ulisema ikiisha."

"Amri ilisema apewe aliyekutwa nazo."

Konstebo wa kaunta, aliyekuwa anakula karanga, aliacha kutafuna.

"Umempa Mjomba?"

"Amri ya mahakama, mwanangu."

"Uliniambia humu hakipotei kitu."

"Haikupotea," Lakiri alisema, na akatamani asingesema.

Mpiga pasi aliinuka, akaweka sawa kitambaa cha kichwani, akamuuliza konstebo saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Akashukuru. Alitoka kwa mlango wa mbele, akapita mahakama, akapita kona ya benki, na kuendelea moja kwa moja mpaka kwenye geti la dobi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili muhula ufungwe. Mjomba alimpokea bila kinyongo. Alimwambia amemsamehe. Paspoti atampa, hapa si jela, lakini msimu wa wageni ndio huo umeanza na wapiga pasi wazuri hawapatikani. Wakiumaliza msimu pamoja, atampa mkononi na kumsindikiza uwanja wa ndege mwenyewe. Akampa karatasi ya kusaini kwamba amerudi kwa hiari. Alisaini. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi na komeo la nje limeondolewa.

Habari hizo Lakiri alizipata wiki tatu baadaye kwa dereva wa hoteli, yule yule. Alikwenda kaunta ya kituo chake mwenyewe na kuomba kufungua taarifa mpya. Konstebo alimwita mpelelezi, na mpelelezi akaleta kiti.

"Amefungiwa?"

"Komeo limeondolewa."

"Amepigwa?"

"Hapana."

"Amepelekwa kwa nguvu?"

"Amekwenda kwa miguu."

"Mzee wangu," mpelelezi alisema, akakohoa kwanza, "nikiandika hivyo, mkuu ataniuliza kosa liko wapi. Yule mama aje mwenyewe aseme ana malalamiko. Bila hivyo, mimi nimeandika nini?"

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Lakiri alivaa nguo za kiraia, akaenda dobi. Kwenye mapokezi Mjomba alikuwa anahesabu mashuka.

"Afande. Leo unaleta au unachukua?"

"Nataka kusema na mpiga pasi."

"Pita. Mimi sina siri na serikali."

Meza ya mpiga pasi ilikuwa ya pili kutoka dirishani. Alikuwa ananyoosha shuka la vitanda viwili, mkono mmoja unatangulia kulainisha, mwingine unafuata na pasi. Alimwona na hakusimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Jirani kahama. Kamwacha kwa mwalimu mmoja. Mwalimu mwenyewe simjui. Nimepewa namba, haipokelewi."

Lakiri alisema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuandika maelezo upya, yeye mwenyewe angemwandikia. Aseme tu kwamba mtu huyu anashikilia paspoti yake.

"Nikisema hivyo, mtakuja?"

"Tutakuja."

"Mtafungua ile droo?"

"Ndiyo."

"Halafu paspoti mtaipeleka wapi?"

Lakiri alikuwa na jibu, na wote wawili walilijua. Mashine nane zilikuwa zinazunguka nyuma yao. Mwanamke aligeuza shuka, akalipiga mkunjo wa katikati, akashusha pasi.

"Mjomba kasema Desemba," alisema. "Labda anadanganya. Lakini nimekaa kwenu miezi saba, baba, na hakuna aliyewahi kunitajia mwezi."

Kijasho kilikuwa kimemtoka Lakiri kwa mvuke. Alibaki amesimama pale mpaka mpiga pasi alipomwomba, kwa adabu, asogee kidogo, maana amesimama kwenye waya wa pasi.